Shamba Linakunywa Kiasi Gani? Setilaiti, Maji ya Ruvu na Haki ya Mtumiaji

(Mada iliyowasilishwa katika mkutano wa watumiaji wa huduma za maji, Kipawa, Dar es Salaam)



Mada niliyopangiwa ina jina linalotisha kidogo: ukadiriaji wa maji yanayotumiwa na mazao kwa kutumia setilaiti. Bila shaka wapo waliokwisha kujiuliza kimoyomoyo mambo ya setilaiti yanamhusu nini mkazi wa Kipawa, ambaye shida yake ni bomba lisilotoa maji na ankara inayofika hata hivyo. Naomba mnivumilie, kwa sababu nitaanza na bomba hilo hilo.

Oktoba 2022 jiji letu liliingia katika mgawo wa maji. Mnakumbuka foleni za ndoo, na mnakumbuka bei ya boza. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, unaoanzia milima ya Uluguru. Mtambo wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, una uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, na ule wa Ruvu Juu, Mlandizi, lita milioni 196. Jumla yake ni lita milioni 466. Mto ulipopungua, uzalishaji ulishuka hadi karibu lita milioni 300 kwa siku. Kila siku, basi, jiji lilipungukiwa lita milioni 166.

Sababu kubwa ilikuwa ukame, kwani mvua za vuli hazikuja kwa wakati wake. Hata hivyo lawama hazikungoja mvua. Macho yalielekezwa juu ya mto, kwa wakulima wanaochepusha maji kumwagilia mpunga na mboga, na viongozi waliagiza uchepushaji usio na kibali ukomeshwe. Agizo hilo lilikuwa na msingi wa kisheria. Lakini mtumiaji makini alikuwa na haki ya kuuliza swali moja ambalo halikusikika sana: mashamba hayo yalikuwa yanachukua maji kiasi gani?

Tufanye hesabu kidogo. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Zao lililokwisha kufunika ardhi, katika joto la pwani yetu, laweza kupoteza hewani kiasi cha milimita 5 kwa siku. Hekta moja ina mita za mraba 10,000. Kwa hiyo hekta moja hupoteza lita 50,000 kwa siku. Gawanya lita milioni 166 kwa lita 50,000, utapata hekta 3,320. Hilo ni eneo la mraba wenye ubavu usiofika kilomita 6. Sisemi kwamba mashamba ya ukubwa huo ndiyo yaliyokausha mabomba ya Kipawa mwaka ule. Ninaonyesha tu kwamba swali lenyewe si la mzaha: eneo ambalo mtu angelizunguka kwa baiskeli asubuhi moja laweza kulingana na pengo la jiji zima. Katika jambo la uzito huo, kukisia hakutoshi.

Ninyi nyumbani mna dira ya maji. Tunaweza kubishana kama dira inasoma sawasawa, lakini ipo, na ubishi wetu una mahali pa kuanzia. Mkulima wa bondeni, mwenye pampu ya petroli na mpira wa inchi mbili, kwa kawaida hana dira. Ndiyo maana wataalamu walianza kutafuta namna ya kusoma matumizi ya shamba bila kulifunga dira, na namna hiyo wakaipata angani.

Setilaiti haiyaoni maji yakipanda hewani. Kinachoonekana ni ubaridi wake. Sote tunaujua mtungi wa udongo: hutoa jasho, jasho linakauka, na maji ya ndani hubaki ya baridi hata mchana wa Januari. Ubaridi ule unatokana na kazi, kwa sababu maji hayawezi kugeuka mvuke bila kula joto, na joto hilo huyatoa katika mtungi wenyewe. Kiasi chake si kidogo. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke hula karibu mara nane ya nishati inayotosha kuyatoa maji hayo hayo katika joto la kawaida la Dar es Salaam hadi yaanze kuchemka. Shamba lililomwagiliwa ni mtungi mkubwa. Majani yake hutoa jasho mchana kutwa na hubaki baridi. Uwanja mkavu wa pembeni hauna cha kutoa, hivyo huwaka moto. Kifaa cha angani kinachopima mionzi ya joto hutofautisha hayo mawili bila taabu.

Kutoka ubaridi hadi lita kuna hesabu, nayo inafanana na bajeti ya nyumba. Mshahara ni jua. Sehemu ya mshahara hurudishwa juu, kama mwanga unaoakisiwa na mionzi ya joto inayotolewa na ardhi. Sehemu nyingine huingia ardhini na kuupasha udongo joto, na nyingine huipasha hewa. Kinachobaki, kwa kuwa nishati haipotei, lazima kiwe kimetumika kuvukiza maji. Mtaalamu hupima au kukadiria matumizi yale mengine, anayatoa katika mshahara, na baki analigeuza kuwa milimita. Akina mama wanaoweka daftari la matumizi ya nyumbani wameshaona udhaifu wa njia hii: ukikosea kuandika nauli au mkaa, kosa lote linaliangukia baki. Ndivyo ilivyo hapa. Namba ya maji inayotolewa na setilaiti imebeba makosa ya hesabu zote zilizotangulia.

Mojawapo ya njia zilizosambaa zaidi za kufanya hesabu hiyo iliandikwa na Mholanzi Wim Bastiaanssen na wenzake, ikachapishwa mwaka 1998. Inaitwa SEBAL. Werevu wake ni kwamba katika picha ile ile moja mtaalamu huchagua sehemu yenye maji tele na baridi, na sehemu kavu yenye joto kali, kisha kila shamba lingine hupimwa kwa kuwekwa kati ya hizo mbili. Mwaka 2005 waasisi wake walichapisha kwamba katika ngazi ya shamba usahihi wake ni kama asilimia 85 kwa siku moja, na hupanda hadi asilimia 95 kwa msimu mzima, kwa sababu makosa ya siku mbalimbali hufidiana. Nawaomba mzikumbuke namba hizo mbili pamoja. Muuzaji atawatajia ile ya 95, na yaelekea hatawaambia kwamba ni ya msimu.

Je, njia hii imetumika kwetu? Imetumika. Katika Bonde la Pangani, upande wa juu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru hadi Bwawa la Nyumba ya Mungu, mtafiti Jeremiah Kiptala na wenzake walichora ramani za maji yanayopotea hewani kwa miaka 2008 hadi 2010, kila siku 8, wakachapisha kazi yao mwaka 2013. Eneo lile ni gumu: migomba na kahawa iliyochanganywa mlimani, miwa na mpunga bondeni, mbuga kavu katikati, na vituo vya kupimia ni vichache. Kwa bonde la namna hiyo picha ya angani si anasa. Ndiyo njia ya pekee ya kuona matumizi ya watu wote kwa jicho moja, pamoja na misitu na mabwawa ambayo nayo hunywa, japo hayana kibali wala hayalipi ada.

Nitaje pia Ruaha Mkuu, kwa kuwa ni fundisho la nchi nzima. Tangu mwaka 1993 mto ule umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Kwa miaka mingi walilaumiana wakulima wa mpunga wa Mbarali, wafugaji wa Usangu na waendeshaji wa mabwawa ya umeme, kila upande ukiwa na hoja na hakuna mwenye kipimo ambacho wote wanakikubali. Ugomvi wa maji usio na kipimo hushindwa na asiye na sauti.

Leo takwimu hizi zinapatikana bure. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilifungua mwaka 2017 mfumo uitwao WaPOR, unaoonyesha kwa Afrika nzima maji yaliyopotea hewani katika kila kipindi cha siku kumi. Mwenye intaneti anaweza kuufungua bila malipo. Picha za setilaiti za Landsat za Marekani nazo ni bure tangu mwaka 2008. Jambo hili ni muhimu kwa mtumiaji: malighafi ya biashara hii haina bei. Anayekuuzia anauza kazi yake ya kuifasiri, na kazi hiyo ndiyo unayopaswa kuihoji.

Sasa turudi Kipawa. Wengi hapa mna shamba Kisarawe, Mkuranga, Chanika au Kibaha. Wengine mna matuta ya mchicha na matembele kandokando ya mabonde ya jiji. Tuseme amekuja kijana mwenye simu nzuri, anakwambia kwamba kwa malipo ya kila mwezi setilaiti itakujulisha tuta lako linahitaji maji kiasi gani. Umuulize kwanza: nukta moja ya picha yako ina ukubwa gani? Picha ya setilaiti imeshonwa kwa nukta, kama mkeka, na ndani ya nukta moja kila kitu huchanganywa kuwa namba moja. Nukta ya mita 250, ambayo ndiyo WaPOR ilianza nayo kwa bara zima, ina hekta 6.25, yaani zaidi ya ekari 15. Ndani ya nukta hiyo hapa Dar es Salaam kutakuwa na bati, lami, mwembe wa jirani, karakana na, mahali fulani, tuta lako la mchicha. Namba itakayotoka ni wastani wa hivyo vyote, na haina habari yoyote ya mchicha. Hata nukta ya mita 100 ni hekta nzima. Vipo vifaa vinavyoona hadi mita 10, kama vile Sentinel-2 ya Ulaya, lakini hicho hakina jicho la joto. Huona ukijani wa jani tu, na jani laweza kubaki kijani siku kadhaa baada ya kiu kuanza.

Swali la pili lihusu mawingu. Jicho la joto halipenyi wingu. Landsat hupita juu ya sehemu moja kila baada ya siku 16, na kwa kuwa ziko mbili, tunapata picha kila siku 8, karibu saa nne asubuhi. Anga la masika tunalijua. Yaweza kupita mwezi mzima bila picha safi hata moja, na katika siku hizo zote namba anayokutumia muuzaji ni ya kukisiwa kwa takwimu za hali ya hewa. Si dhambi kukisia. Dhambi ni kukisia bila kusema. Mtake aonyeshe, kwa kila namba, tarehe ya picha iliyoizaa.

Kwa matuta madogo kuna njia nafuu zaidi, na maoni yangu ni kwamba ndiyo inayowafaa wengi walioko hapa. Jirani yetu ni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, na hapo kipo kituo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Mwaka 1998 FAO ilitoa mwongozo unaoeleza namna ya kukokotoa, kwa joto, unyevu, upepo na jua, kiasi cha maji yanayopotea kwenye nyasi fupi zisizo na kiu. Kisha kila zao hupewa kizidisho chake: nyanya zilizokomaa 1.15, mahindi yaliyochanua 1.2, mboga nyingi za majani karibu na 1. Siku ambayo nyasi zingepoteza milimita 5, tuta la mchicha lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 1 linahitaji lita 50 hivi, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20. Ikinyesha milimita 5 ikazama tutani, ndoo hizo zibaki kavu. Afisa ugani wa kata anaweza kuwasaidia kuipata hesabu hii, na ushauri wake haulipiwi.

Mwenye shamba la ekari 10 au 20 la zao moja ni habari nyingine. Huyo setilaiti inamwona vizuri, na kwake huduma nzuri inaweza kulipa gharama yake kwa mafuta ya pampu pekee. Nasisitiza hilo kwa sababu sitaki mtoke hapa mkidhani teknolojia yenyewe ni ulaghai. Ni kipimo kizuri kwa vitu vikubwa.

Lipo jambo moja ambalo hata wataalamu hulichanganya, nalo lina pesa ndani yake. Dira hupima maji yaliyochukuliwa. Setilaiti hupima maji yaliyopotea. Mkulima akivuta ndoo 100 kutoka mtoni, labda 40 zitapaa hewani na 60 zitazama, baadhi zikirudi mtoni chini kidogo. Setilaiti itaandika 40. Tena haijui kama hizo 40 zilitoka mtoni, kisimani au mawinguni. Ni lazima mtu aondoe mvua kwanza. Sasa, kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, anayevuta maji ya mto kwa kilimo cha biashara anapaswa kuwa na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Kwetu ni Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu. Kibali hutaja kiasi cha kuchukua. Ikitokea afisa anakuja na ramani ya setilaiti akidai umevuka kibali chako, una haki ya kumwuliza amegeuzaje kilichopotea kuwa kilichochukuliwa, ameondoa mvua kiasi gani, nukta yake ina ukubwa gani na tarehe za picha ni zipi. Omba majibu hayo kwa maandishi. Ramani hutosha kabisa kumfanya afisa aje kukagua pampu yako. Kwa maoni yangu haitoshi peke yake kumtoza mtu faini, na mtoza faini mwenye busara ataleta na kipimo cha mtoni.

Upande wa pili wa shilingi unawahusu wanaosifia umwagiliaji wa matone. Mkulima akifunga mipira ya matone, atavuta maji machache zaidi kwa ekari. Lakini akitumia akiba hiyo kuongeza ekari tatu, maji yanayopaa hewani huongezeka, na zile miongoni mwa ndoo 60 zilizokuwa zikirudi mtoni hazirudi tena. Dira yake itaonyesha uadilifu huku mto ukipungua. Setilaiti ndiyo itakayolibaini hilo, na hapo sisi wa mjini tuna maslahi ya moja kwa moja katika kipimo cha angani kutumiwa vizuri.

Nimalizie na simu zenu. Huduma hizi huomba mahali shamba lilipo, jina, namba ya simu, na nyingine namba ya kitambulisho cha taifa. Mipaka ya shamba ikiunganishwa na jina lako ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa akueleze anazikusanya kwa kusudi gani. Shamba halihitaji kitambulisho ili lionekane kutoka angani. Anayekidai aeleze anakitakia nini, na asipoeleza, lipo lango la Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Aliyeuziwa huduma kwa maelezo ya uongo aende Tume ya Ushindani na risiti yake pamoja na ujumbe aliotumiwa; msiufute. Na kwa ankara na mgawo wa maji ya nyumbani, malalamiko huanzia DAWASA kwa maandishi. Jibu lisiporidhisha, yapelekwe EWURA, ambako Baraza la Ushauri la Watumiaji lipo kumsaidia mlalamikaji asiyejua pa kuanzia.

Nimebeba karatasi zenye jedwali la vizidisho vya mazao ya kawaida ya pwani pamoja na ile hesabu ya tuta la mita 10. Zitapita kwa mwenyekiti, kila nyumba ichukue moja. Nakaribisha maswali, na ningependa tuanze na wale wenye mashamba upande wa Ruvu.